Tufani ni Neno la Nani?

Tottenham, Landani
Jumapili, baada ya adhuhuri

Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Nabusu mkono wako wa kulia, kisha wa kushoto, na shikamoo nimeiweka juu ya yote miwili. Goti linakwendaje? Ile dawa ya kuchua niliyokuletea unaitumia, au umeshamgawia jirani kwa sababu yeye "anaumwa zaidi"? Na paa la jikoni, fundi amekuja, au bado ni kesho inshallah, kesho inshallah? Sisi huku wazima, alhamdulillah. Baridi imetukunja kama maandazi yaliyokosa hamira, lakini tunakula, tunalala, tunacheka. Baba Raya anakusalimia, yuko kazini hospitali na leo ndiye anayesukuma vitanda.

Najua unashangaa kupokea barua ya karatasi zama hizi. Nifanyeje, Mama, na simu umeifungia kabatini? Nimempigia Haji hata yeye mwenyewe amechoka kunidanganya. Kila nikimwambia mpe Bibi, ananijibu, "Shangazi, Bibi anasali." Asubuhi unasali, mchana unasali, saa kumi na nusu unasali, nikipiga usiku umelala kwa uchovu wa kusali. Mwenyezi Mungu azikubali, lakini hata masheikh hupata nafasi ya kunywa kikombe cha chai. Basi nimempa barua hii Bi Asha, jirani yangu, anayekuja huko kwenye harusi ya mpwawe, na nimemwambia akukabidhi mkononi. Vaa miwani uisome mwenyewe. Usimpe Haji akusomee, nakuomba sana, na sababu utaiona mbele.

Mama, nataka nikueleze siku ile ilivyokuwa upande wetu, kwa sababu wewe uliisikia kwa upande wa Haji.

Raya alikuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka skuli, begi bado mgongoni, na wewe ukamuona kwenye simu ukamwita kama unavyomwita siku zote, "Tufani wangu huyo!" Mtoto akaruka. Akakujibu maneno mengi, mbio mbio, kwa Kiingereza, kama kawaida yake. Haji ndiye aliyekushikia simu, ukamuuliza, "Anasemaje?" Na Haji, ambaye Kiingereza chake chote kakipata kwa kuwaonesha wageni vyumba na taulo, akakwambia, "Bibi, anasema hilo neno si lako, ni la Wagiriki."

Nikakusikia ukisema, "Wagiriki! Tufani ya Nabii Nuhu leo imekuwa ya Wagiriki?" Kisha simu ikakatika, na mpaka leo.

Sasa sikiliza alichokisema kwa ukamilifu wake. Siku ile walisomeshwa mambo ya upepo. Mwalimu akaandika ubaoni jina wanaloliita wao zile pepo kubwa za baharini za huko mashariki, taifuni. Raya wetu, ambaye mwalimu wake amenilalamikia kuwa hafungui mdomo darasani, akanyanyua mkono. Akasema, "Bibi yangu ananiita hivyo. Kwetu ni tufani." Darasa zima likageuka kumtazama. Mwalimu akafurahi, akawaambia kuwa neno lile inasemekana limetoka kwa Wagiriki wa kale sana, waliokuwa wakihadithiana juu ya jitu lenye vichwa vya nyoka, linatoa moshi mdomoni, na hilo jitu, Tufoni, ndiye baba wa pepo zote mbaya. Jina lake likawa ndilo jina la upepo unaozunguka, na neno likasafiri dunia nzima mpaka likafika kwa bibi yake Raya, Wete.

Basi mtoto akarudi mbio kukwambia, Bibi, neno lako linajulikana na watu wote, hata Wagiriki wa kale walikuwa nalo! Alikuwa anakuletea zawadi, Mama. Haji akaikabidhi kichwa chini miguu juu. Usimpige, lakini mnyime bakuli lake la urojo wiki moja.

Sikukasirika uliponuna. Nakujua. Wewe umekula na kutulisha sisi kwa maneno. Nimekua nikiwaona wanawake wa Wete nzima wanaingia dukani kwako, mmoja kachokozwa na wifi, mmoja kaibiwa mume, mmoja anataka kumshukuru mama mkwe, na wewe hata hujawauliza bei wanayoitaka, unawavutia kanga yenye jina linalomfaa kila mmoja. Mtu kama wewe kuambiwa na mjukuu wake kuwa neno si lake, nami ningefunga simu.

Lakini kanga uliyotuletea, Mama! Ile aliyokuja nayo mgeni kutoka Wete, umeifunga kwa karatasi ya zawadi na juu umeandika "Ya Raya". Nilikuwa kazini ilipofika. Mtoto kaifungua mwenyewe, kaona rangi nyekundu na korosho nyeusi pembeni, akaipenda kufa. Na kesho yake ilikuwa siku ya skuli ambayo kila mtoto anavaa nguo ya kwao. Mie natoka alfajiri kupeleka basi barabarani, sikuiona. Raya kajifunga ile kanga, nyingine kajitanda, kaenda skuli anatabasamu, na mgongoni imeandikwa kwa herufi kubwa: MWACHA ASILI NI MTUMWA.

Bi Asha, huyu huyu aliyekuletea barua, ndiye aliyemuona mlangoni mwa skuli alipompeleka mwanawe. Aliposoma akashika mdomo. Akanipigia nikiwa kwenye mapumziko: "Zuwena! Mwanao kafanya nini, mpaka anatembezwa na matusi yake mgongoni?" Nilicheka mpaka machozi, wallahi, huku moyo unaniuma. Mwalimu kampiga picha, na hivi sasa iko ukutani pale wanapoingilia wageni. Skuli nzima ya Kiingereza inamtazama mjukuu wako anavyosutwa na bibi yake, na hakuna anayejua.

Jioni nikamkalisha nikamweleza maana yake na sababu yake. Mie nilidhani atalia, au atasema kanga siitaki. Akaniambia, kwa Kiingereza chake, "Lakini mimi sikuiacha asili. Nilikuwa ninaitafuta, neno lilikotoka." Nikaenda zangu jikoni kuchochea mchuzi.

Tangu siku ile nyumba haikukalika. Raya kashika hilo neno tufani kama paka aliyeona samaki. Kila tunayekutana naye lazima aulizwe, kwenu mnaliita vipi, na mlilipata wapi?

Wa mwanzo alikuwa Kosta. Nimeshakutajia Kosta, dereva mwenzangu pale gereji, mzee mnene, Mgiriki wa Kupro, anayekaribia kustaafu. Siku za Jumamosi Raya hunisubiri kwenye kantini yetu nikimaliza zamu. Kosta, Mama, hakuna kitu kizuri duniani ambacho kwa maneno yake hakikuanzishwa na Wagiriki. Nilimuonjesha katlesi zangu, akala nne, akafuta mdomo, akasema hizi asili yake ni kwao. Kwa hiyo alipoulizwa juu ya tufani alikaa vizuri kabisa. Akasema kwao ni "tifonas", na ndilo baba wa matufani yote, na akaliigiza lile jitu kwa mikono na kelele mpaka mpishi akatoka jikoni. Wengine, anasema, wanaona jina lile lina undugu na neno lao la moshi. Raya akamuuliza, "Wewe umewahi kuiona?" Kosta akakuna kichwa. "Tifonas? Hapa Tottenham? Nimeona mapipa ya taka yanaruka, basi."

Na kweli mapipa yameruka, maana wiki iliyopita tulikuwa na upepo hapa wa kukutoa meno. Waingereza upepo mkubwa wanaupa jina la mtu, jina la heshima kabisa, kama mtoto wa akika. Unasikia redioni, kesho fulani atafika asubuhi, atakuwa mkali mpaka jioni, unadhani wanamzungumzia mke mwenza. Niliendesha basi linayumba kwenye kona, abiria wote kimya, bibi mmoja wa Kijamaika nyuma yangu anasoma dua zake kwa sauti, nami nasoma zangu kimya kimya, tukafika salama. Usihangaike, Mama. Naendesha taratibu, na basi letu ni zito.

Baada ya Kosta, Raya akamfuata Ustadhi wa madrasa. Hapa ungefurahi. Ustadhi akamwambia, tufani imo ndani ya Kitabu, katika habari za Nabii Nuhu na watu wake, na Waarabu wanaona shina lake ni lile la kuzunguka, ndilo lililotoa tawafu, watu wanavyoizunguka Alkaaba. Raya akauliza, basi Wagiriki walitoa kwa Waarabu au Waarabu walitoa kwa Wagiriki? Ustadhi akacheka. Akasema, "Hapo wataalamu wamegongana vichwa, mwanangu. Wako wanaosema lilitoka magharibi likaja mashariki, wako wanaosema lilitoka mashariki likaenda magharibi, na wako wanaosema yalikuwa maneno mawili mbali mbali, yakakutana njiani yakafanana. Allahu aalam." Tukaenda maktaba pia, tukakuta kitabu kinasema hivyo hivyo kwa kurasa nyingi zaidi. Mreno naye analo, alilichukua Bara Hindi akalipeleka kwao. Mchina naye anasema lake ni "upepo mkubwa" na hakuomba kwa mtu. Raya alifurahi mno kuona watu wazima wenye elimu hawajui. Mie nilifurahi kwamba Wagiriki hawana hati ya kumiliki, na ukimuona Kosta sura ilivyomshuka ungefurahi zaidi.

Sasa nije kwenye kanga. Najua kwetu kanga hujibiwa kwa kanga. Nikasema, Mama kanisuta, nami nitafute ya kumjibu, ya upole lakini na pilipili kidogo. Jumapili iliyopita tukapanda basi mie na Raya mpaka Neasden, kule kwenye hekalu kubwa la Wahindi, maana niliambiwa karibu yake kuna bibi anauza kanga za kwetu. Kweli tukalikuta duka, dogo, limejaa mpaka darini, na ndani amekaa bibi wa Kihindi kavaa sari na sweta juu yake. Nikaanza kwa Kiingereza. Akanitazama akasema, "Miye Kiswahili nakijua, mwanangu. Mie mtu wa Wete."

Mama, niliketi bila ya kukaribishwa. Anaitwa Bi Kanta. Baba yake alikuwa na duka la nguo kule chini bandarini, na wao waliondoka yeye akiwa msichana. Akaniuliza, "Mwana wa nani wewe?" Nikamwambia, wa Bi Saada muuza kanga. Akapiga makofi. "Saada! Tulikaa dawati moja! Hasira zake moto wa makuti, zawaka hata waogopa, mara zimezima." Nikamwambia safari hii umetia magogo. Nikamsimulia yote, ya simu, ya Haji, ya kanga kwenye picha ya skuli. Alicheka mpaka akavua miwani.

Nikamwambia basi nipe kanga ya kumjibu. Nikamuonesha mbili tatu nilizoziona nyuma yake. Bi Kanta akaacha kucheka. Akazikunja zote akazirejesha juu. "Kanga ya kumjibu mamako mie sikuuzii. Wifi hujibiwa, jirani hujibiwa, mke mwenza ndiyo kabisa. Mama hajibiwi kwa kanga. Mwandikie." Niliona haya, Mama, kama vile ni wewe umenisemesha. Tukatoka pale na pakti moja ya gathia za kutafuna njiani na hii fikra ya barua.

Lakini kabla hatujatoka, Raya akamuuliza na yeye neno lake. Bi Kanta akasema kwa Kigujarati wanasema "tofan", na mtoto mtundu asiyekaa chini wanamwita "tofani". Akamshika kidevu, "Kama wewe." Raya akanigeukia macho yamemtoka, "Kama Bibi anavyoniita!" Kisha akamuuliza swali ambalo alikuwa kaniuliza mie nyumbani nikababaika. Kwa Kiswahili iko dhoruba, iko tufani, iko kimbunga, iko kisulisuli. Tofauti yake nini? Mtu anajuaje, akiwa amesimama nje, kwamba hii sasa si dhoruba tena, hii ni tufani?

Bi Kanta akafikiri. Akasema hajui. "Mie niliondoka mtoto. Muulize bibi yako. Mwaka ule paa la skuli lilipong'oka likenda kutua kwenye mikarafuu ya watu, sisi tulifungiwa ghalani hatukuona kitu. Saada alikuwa nje. Alitoka kumtafuta mbuzi wa mama yake, akarudi naye, na hakumwambia mtu alichokiona."

Mama, hilo mbona hujanihadithia hata mie?

Tukashika njia ya kurudi. Tulikuwa tumekaa mbele kabisa juu ghorofani kwenye basi, pale anapopenda. Karibu na nyumbani akaniambia kuwa watu wote aliowauliza wanalo neno, na hakuna hata mmoja aliyeiona tufani yenyewe isipokuwa Bibi, na Bibi ndiye hataki kuzungumza na yeye. Hapo ndipo alipolia. Sikutaka kukuandikia haya, lakini nikikuficha nitakuwa sijakwambia kitu.

Nami nikwambie langu waziwazi. Siogopi Raya kukosa Kiswahili. Anakisikia chote, akijibu kwa Kiingereza ni ulimi tu haujazoea, na nikimkamata aseme anafika nusu ya njia. Ninachokiogopa ni kwamba atakua, nawe utazeeka, mtajuana kwa picha, na siku moja atakuja Wete kuuliza swali lake na hatakuwepo wa kumjibu. Mie sina jibu lake. Kosta hana, Ustadhi hana, kitabu hakina. Basi unune na mie, Mama. Mie mkubwa, nimezoea, na nitakuja nikuangukie miguuni. Yeye mtolee simu kabatini.

Jumapili tutapiga, baada ya sala ya alasiri ya huko, ile uliyokwisha kuisali kweli. Mwambie Haji asishike simu. Iegemeze kwenye kopo la sukari kama zamani.

Nisalimie kaka Hamadi, umwambie gari alilonitumia picha yake ni bovu, naliona kutoka huku. Nisalimie na wifi yangu, mwambie dawa ya nywele iko kwenye mkoba wa Bi Asha pamoja na soksi zako za sufu. Nisalimie mama Mwalimu wa mlango wa pili, na fundi wa paa, huyo umsalimie kila siku mpaka aone haya aje. Haji pia msalimie, masikini, hakukusudia. Na Bi Kanta anakwambia dawati lile upande wako ulikuwa mkubwa kuliko wake, na hajasahau.

Raya ameniomba nafasi chini ya ukurasa aandike mwenyewe. Hajawahi kuandika Kiswahili. Sikumtajia neno wala sikumsahihisha.

Ni mimi mwanao unayemnunia na ambaye hatoki mlangoni kwako,
Zuwena

Bibi shikamoo. Mimi Raya. Mimi sikusema neno si yako. Mimi nilisema neno iko kila mahali na wewe uko nayo. Mimi nataka kujua wewe uliona nini wakati ya mbuzi. Kama mimi naandika vibaya wewe nisahihishe, lakini si kwa kanga, kwa simu.